Saa Iliyopona Chini ya Mtungi

Nyemo mwanangu,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umeamka ukiimba, umeoga ukiimba, umekunywa chai vikombe viwili, na sasa uko Ipagala kumuaga shangazi yako, ambaye hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake kabla hajala mara mbili. Baba yako yuko stendi anahakikisha tiketi aliyoihakikisha jana. Kwa hiyo nimekuja kibandani peke yangu, nimefunga dirisha la mbele nusu ili wateja wadhani sipo, na nimeweka karatasi mahali pa kopo la skrubu. Mkono huu umeshika skrubu ndogo kuliko chembe ya mtama bila kutetemeka, lakini kalamu inanishinda. Ukikuta nimekata maneno, usicheke.

Sitakuambia uvae sweta. Sweta tatu nimeziweka, ya nne ameificha baba yako chini ya vitabu akidhani sikumwona. Sitakuambia ule, wala usali, wala uchague marafiki. Nimekulea miaka yote hii. Kama hayo hayajaingia, karatasi mbili hazitayaingiza. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili ile kwenye sherehe ya kukuaga, baba yako mdogo alikuomba useme neno, ukasimama na gauni lako la kijani, ukawachekesha watu mpaka wakashika mbavu. Ukasema, "Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa mwongo sana. Siku moja nilimwambia mama kwamba nimeponya saa ya mteja kwa kuiweka chini ya mtungi. Kumbe mama alikuwa ameshaitengeneza!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Nyemo. Nilicheka kuliko wote mpaka kanga ikanidondoka kichwani, na majirani wakasema tazama mama mtu anavyofurahi.

Hukuwa mwongo. Mwongo alikuwa mimi. Saa ile uliiponya wewe, na sasa nakusimulia ilivyokuwa, maana naona umeshaisahau kwa jinsi ulivyoiona na unaikumbuka kwa jinsi nilivyoisema mimi.

Nianzie kwa Mzee Ramji, ili ujue kiburi changu kilitoka wapi. Unamjua kwa jina tu. Alikuwa na duka la saa pale mjini, na mimi niliajiriwa kufagia na kufuta vioo vya makabati. Macho yake yalikuwa yamechoka. Siku moja skrubu ilimdondoka, akatambaa sakafuni kama mtoto mchanga na kila mtu dukani akatambaa naye, mimi nikaiona kutoka mlangoni nilipokuwa nimesimama na ufagio. Akaniuliza nimejifunza wapi kuona. Nikamwambia bibi yangu alinifundisha kutunga ushanga nikiwa na miaka sita, na aliyekosea rangi moja alifumua mkanda mzima. Tangu siku hiyo ufagio alipewa mtu mwingine. Alinifundisha saa za majira, zile za chemchemi na magurudumu, kwa miaka minane, na kila asubuhi alinirudishia maneno yale yale: "Kwanza tazama. Halafu tazama tena. Bisibisi baadaye."

Ningeyashika hayo, barua hii ningeiandika kuhusu sweta.

Kisha biashara zikafunguliwa. Ninyi mmekuta maduka yamejaa, hamjui ilivyokuwa kwetu kuamka na kuona sabuni za rangi tano zimepangwa barabarani baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja. Na pamoja na sabuni zikaja saa za namba. Zilikuja kwa magunia, wallahi, kama karanga. Kila mtu akawa nayo, kuanzia mkuu wa ofisi hadi mchunga mbuzi. Mzee Ramji aliishika ya kwanza kwa ncha za vidole, akaiweka sikioni, akairudisha. "Hii si saa," akasema. "Hii ni redio isiyosema." Akakataa kuzigusa. Mimi nikaona riziki inapita mbele ya mlango, nikaaga kwa heshima, nikafungua kibanda hiki karibu na soko.

Nilijua nini kuhusu saa za namba? Nilijua kubadilisha betri na kufuta kutu. Basi. Ila bango nilichorewa kubwa: FUNDI WA SAA ZA AINA ZOTE. Mwenye bango kama hilo hawezi kumwambia mteja sijui.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Saa iliyoingia maji niliifanya kama sisi hapa tunavyofanya kila kitu chenye maji, iwe mlenda, iwe zabibu, iwe godoro la mtoto aliyekojoa: niliianika. Nilipanda nayo juu ya kibanda nikailaza kwenye bati, mchana wa Dodoma, jua likiwa utosini. Nikishuka kuifuata naikuta uso umekuwa mweusi tii, hakuna namba wala nukta, kama masizi ya sufuria. Nikawa nawaambia wateja, "Maji yamefika moyoni. Imekufa." Nilisema kwa sauti ya msiba. Wao wakashukuru kwa juhudi, mimi nikachomoa betri na kuitupa maiti kwenye kopo. Miezi na miezi, Nyemo! Niliua saa za watu kwa jua na nikapokea pole.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa ukitoka shule unapitia hapa, unakaa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi kwa sababu ndipo penye baridi, na unaniita kila baada ya dakika tano. "Mama, njoo uone!" Siafu amebeba mguu wa panzi. Tone la maji limening'inia kwenye mtungi na kibanda chote kimo ndani yake, kichwa chini. "Mama, njoo uone!" Nilikuwa nikijibu hmm bila kuinua kichwa.

Siku hiyo nilikuwa na saa ya Bwana Lameki, karani wa ofisi moja ya serikali, mtu mnyoofu aliyevaa tai hata Jumamosi. Alikuwa amekwenda Mtera kununua samaki, akainama kwenye mtumbwi, saa ikazama na mkono wake. Nikaianika kama kawaida. Saa tisa alasiri nikaishusha, nyeusi. Nikaiweka mezani nikimsubiri mwenyewe nimpe taarifa ya msiba, na hata betri nilikuwa sijaitoa. Akafika. Nikaanza, "Bwana Lameki, nimejitahidi sana, lakini maji yamefika moyoni..." Na nikiwa katikati ya rambirambi zangu, ukapiga kelele nyuma yangu.

"Mama, njoo uone! Imepona!"

Ulikuwa umeichukua mezani bila mimi kujua. Ulikuwa umeifukia nusu kwenye ule mchanga wa mtungi, na juu yake umeweka kitambaa kilicholowa, kama nilivyokuwa nikikufanya wewe ukiwa na malaria. Ukainuka umeishika kwa mikono miwili, namba zote zimerudi, na sekunde zinakimbia.

"Shikamoo baba," ukamwamkia Bwana Lameki kwanza, maana adabu ulikuwa nayo hata ukiwa na wazimu. Kisha ukasema, "Haikufa, ilikuwa na homa tu. Mama ameiweka juani ikapata homa. Mimi nimeipoza, ikapona. Nimeiona inarudi kidogo kidogo, inaanzia pembeni."

Inaanzia pembeni. Nyemo, mtoto wa miaka tisa hawezi kutunga neno kama hilo, hilo anaweza kuliona tu. Na mimi niliposikia "mama ameiweka juani" nilihisi uso wangu ndio uliolala kwenye bati. Nikaona kopo lote la maiti. Nikaona bango langu. Mtu mwenye tai amesimama mbele yangu anangoja. Ningeweza kusema, hebu tuone pamoja. Nikasema, "Usimsikilize, Bwana Lameki. Huyu mtoto ni mwongo sana. Nimeitengeneza mimi tangu saa nane, nilikuwa naipumzisha."

Ukanitazama. Ukasema, "Lakini Mama, mimi nimeona."

Nikasema, "Hukuona chochote. Toka nje ukacheze."

Ukaenda nje.

Hili ndilo nililolifanya. Nimelitengua na kulikunja namna nyingi katika miaka hii: nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, wewe ulikuwa umegusa kazi ya mteja bila ruhusa. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalosaidia. Niliogopa kuonekana sijui, nikachukua macho ya mwanangu nikayaita uongo mbele ya mtu.

Na dunia haikuniadhibu hata kidogo, ndiyo maana nikanogewa. Bwana Lameki alitangaza mji mzima kwamba kuna mama karibu na soko anafufua saa. Basi wakamiminika! Madereva wa malori walioacha saa mbele ya kioo wakaja mbio nazo zikiwa za moto, nyeusi, wananiita dada niokoe. Nami nilikuwa nimeshajua dawa. Nikatundika pazia mbele ya mtungi, nikawa nazipeleka nyuma yake, naziweka kwenye mchanga wako, na huku nagonga bisibisi kwenye kopo, ko ko ko, ili mteja asikie kazi inafanyika. Dakika tano, nakuja nimejifuta jasho la uongo. Mzee mmoja alitembea kutoka Msalato na saa isiyo na kitu chochote ndani, ganda tupu, watoto wake walikuwa wameutoa utumbo wote wakachezea. Akaniamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, akaliweka ganda mezani kwa mikono miwili na kusema, "Nimesikia unafufua." Nilimpa soda akapumzika, kisha nikampa saa nyingine ya bure, kwa aibu. Naye akaenda kunisifu Msalato nzima. Wakaleta chupa za chai. Wakaleta pasi. Mwingine aliniletea jogoo anayechechemea, akisema na huyu je?

Cheka, nimeandika ucheke. Lakini katika vichekesho vyote hivyo wewe hukuwepo. Uliacha kupitia kibandani. Ulisema una masomo. Na nyumbani uliacha kuniita. Ilinichukua muda kugundua ni kitu gani kimepungua, kama mtu aliyezoea kinu cha jirani halafu siku moja kimya. Kilichopungua ni lile "Mama, njoo uone."

Kisha ukaingia sekondari. Kidato cha pili mwalimu wenu wa fizikia aliniita shuleni. Nilijua umefanya utundu, nikaenda nimejifunga kanga tayari kwa vita. Akanifungulia daftari lako. Mlikuwa mmepima maji ya moto yanavyopoa, kila dakika mnasoma kipimajoto mnaandika. Madaftari ya wenzako yalikuwa na namba zinazorukaruka kama panzi. Lako lilikuwa limenyooka, safi, zuri. Nikatabasamu. Mwalimu hakutabasamu.

"Mama Nyemo, kipimajoto alichopewa binti yako kina ufa. Hakiwezi kutoa namba hizi. Nilimuuliza amezipata wapi, akasema kitabuni. Nikamuuliza kwa nini hukuandika ulichokiona? Unajua alinijibu nini? Alisema, nikiandika nilichokiona nitaambiwa mwongo."

Nilirudi kwa miguu kutoka shuleni kwenu mpaka nyumbani na sikumbuki barabara. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikukuta unamenya karanga uani. Nikafungua mdomo kusema lile la mtungi, nikakuuliza kama chumvi ipo. Ukasema ipo. Nikaingia ndani. Huyo ndiye mama yako, jasiri wa kufungua saa za watu.

Kesho yake nikafanya ujasiri wa mlango wa nyuma. Nilivunja vioo vya vikokotoo viwili vilivyokwisha kabisa, nikabandua zile nailoni za kijivu zinazokaa juu na chini ya kioo, nikazisafisha kwa spiriti nikakuwekea ndani ya kitabu chako. Nilijua mchezo wake mmoja tu: ukiziweka moja juu ya nyingine na kuzungusha ya juu polepole, mwanga unakufa, ukizungusha tena unarudi. Sikuandika neno. Siku tatu zikapita. Siku ya nne nilikuwa nasonga ugali, nikasikia mbio uani.

"Mama, njoo uone!"

Ugali uliungua, Nyemo. Nilikuja na mwiko mkononi. Ulikuwa umeweka rula yako ya plastiki katikati ya zile nailoni mbili umeziinua juani, na rula ile iliyokuwa nyeupe kama maji ilikuwa imejaa rangi, zambarau na kijani na njano, zimejikunjakunja kwenye pembe zake. Ukaikunja kidogo, rangi zikakimbia. Ukaniuliza, "Unaona?" Nikakuambia, "Naona. Lakini niambie unachoona wewe." Ukazungumza mpaka tukala ugali wenye masizi, na baba yako akasema ni mtamu kwa sababu alituona sote wawili tumechangamka akaogopa kuharibu.

Hapo nilidhani nimelipa. Tangu siku hiyo uliandika ulichokiona, ukagombana na walimu, ukafaulu, ukaenda chuo kikuu, na mwezi uliopita bahasha ile ya kukuita kusoma nje ikaja. Nikajiambia yamekwisha. Kumbe nilikurudishia macho lakini ile saa ya kwanza nilibaki nayo mimi.

Wiki ile bahasha ilipofika nilikuomba unieleze unakwenda kusoma nini, maana watu wa sokoni wananiuliza nami nasema "mambo ya mwanga" kama mtu wa umeme. Tulikuwa tunachambua mchele. Ukaniambia ni kile kile kilichomo kwenye saa zangu, kile kimiminika cha katikati ya vioo viwili, ambacho vitabuni mnakiita fuwele za kimiminika. Ukaniambia kinatiririka kama mafuta lakini ndani yake vijiti vyake vimejipanga, vyote vimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na ukivipa umeme kidogo vinasimama. Hilo nililifahamu mara moja. Ndizo namba zenyewe hizo. Kisha ukaendelea.

"Sasa, Mama, kuna watu wanatengeneza kitu cha vipande vidogo sana, vidogo kuliko wimbi lenyewe la mwanga, wanavipanga kwa mpangilio maalumu. Mwanga ukipita pale unapinda kwa namna ambayo hakuna kioo wala jiwe linaweza kuupinda."

"Vipande vya nini?"

"Vya chuma tu cha kawaida. Uchawi haumo kwenye chuma. Umo kwenye kuvipanga."

"Kama ushanga," nikasema. "Shanga zile zile, ukizipanga hivi ni mkanda wa harusi, ukizipanga vile ni wa mtoto."

Ukaacha mchele ukanitazama. "Ndiyo! Ila mkanda ukishautunga umetunga. Mimi nataka mkanda unaobadilika ukiwa kiunoni. Tunamimina kile kimiminika cha saa yako katikati ya shanga, halafu tunakipa umeme au joto, vijiti vinageuka, na mkanda wote unakuwa mwingine. Unauchagulia mwanga njia kama mtu anavyozungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni."

Jina lake la kitaalamu ulinitajia, hata wewe ulishindwa kulitia Kiswahili, likatushinda sote tukacheka. Nikakutania, "Kwa hiyo watu wazima wamekukatia tiketi ya ndege ukacheze na maji ya saa?" Ukasema ndiyo. Lakini neno moja lilikuwa limenichoma, mchele nikawa naurudishia mawe. Ulisema umeme au joto. Yaani joto. Yaani lile bati langu na ule mchanga wako. Ulisema mwenyewe kwamba kimiminika kile kikipata joto kupita kiasi vijiti vyake vinavurugika, kioo kinakuwa cheusi, na kikipoa vinajipanga tena bila kudhurika. Ulilisema kama jambo la kitabuni. Hukukumbuka kwamba uliliona kwa macho yako ukiwa na miaka tisa, kabla hujajua kuandika sentensi ya Kiingereza. Halafu Jumapili ukasimama mbele ya watu ukajiita mwongo kwa lile lile.

Kwa hiyo Jumanne sikufungua kibanda. Nilikwenda kwa Bwana Lameki. Amestaafu, ana shamba lake la zabibu, tai ameacha lakini shati bado amechomekea. Nilimkuta anapanga zabibu kwenye maboksi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitauliza habari za chumvi.

"Bwana Lameki, ile saa yako iliyozama Mtera sikuitengeneza mimi. Aliiponya mwanangu. Nilikudanganya."

Akaweka kichala chini. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Nyemo, kwani mimi nilikuwa kipofu? Nilisimama pale pale unanipa rambirambi. Bisibisi zako zilikuwa zimepangwa mezani, hakuna hata moja iliyoguswa. Nilimwona mtoto akiitoa mchangani."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulinitangaza mji mzima?"

"Nilitangaza kibanda. Niliwaambia pale saa zinafufuka, sikusema nani anazifufua." Kisha akaacha kucheka. "Wewe ndiye mama yake. Nilijisemea, si juu yangu. Jioni atamrekebishia mwenyewe."

Jioni. Alinipa mpaka jioni, mtu yule, na mimi nimechukua miaka.

Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na saa. Mkanda umekwisha, ameufunga kwa kamba ya katani, kioo kina mikwaruzo. Akaiweka kwenye kiganja changu akasema, "Mpelekee daktari wake." Na boksi la zabibu. Zabibu tumezila jana, uliuliza zimetoka wapi nikasema sokoni. Uongo wa mwisho huo, nakuahidi.

Sasa nikuambie nimefanya nini leo mchana baada ya wewe kuondoka. Nimeitia betri mpya. Saa saba nimepanda juu ya kibanda kwa magoti yangu haya, majirani wananiangalia, nimeilaza kwenye bati. Nimekaa pembeni yake na mwavuli, nimetazama, halafu nimetazama tena. Kwanza namba zimefifia. Kisha weusi umetokea, umetambaa, umefunika uso wote. Nyeusi tii kama siku ile. Nikaikimbiza chini ya mtungi, nikaifukia nusu, nikalowesha kitambaa, na nikalala kifudifudi mchangani, mwanamke mzima mwenye gauni la kutokea, macho yangu yakiwa inchi tatu kutoka kwenye kioo.

Imerudi, Nyemo. Imerudi kidogo kidogo, na imeanzia pembeni.

Nilipiga kelele peke yangu. Nilisema "Mama, njoo uone!" sijui nilikuwa namwita nani. Muuza vitunguu wa jirani akaja mbio akidhani nyoka.

Saa ya Bwana Lameki nitaifunga kwenye leso pamoja na barua hii, niifiche ndani ya sweta ya nne, ile ya baba yako. Huko hakuna jua la kuipa homa lakini nasikia wana vyuma vya moto ukutani vya kupasha nyumba joto. Iweke hapo siku ukikumbuka nyumbani, kisha ipeleke dirishani kwenye baridi. Kesho stendi ndugu watakutania tena kwa ule uongo wako, nawajua. Waache. Safari hii nitawasimulia mimi, kwa sauti, na baba yako mdogo nitamweka mbele kabisa.

Na siku moja huko mtu akikuuliza kazi hii uliianza lini, usimtajie chuo. Mwambie ulianza ukiwa na miaka tisa, kibandani kwa mama yako, ukaona kweli na ukasema kweli, ila shahidi alichelewa kufika.

Nasikia wimbo wako unakuja barabarani. Nimefika.

Shahidi wako,
Mama